Neno Hili Analilipia Nani?

Pembezoni mwa mji mmoja wa pwani, kijana wa duka aitwaye Khalil anamfundisha kazi mtoto wa miaka 12 aliyeletwa kwa treni. Anamwonyesha namna ya kupima bidhaa, kuzifunga, na kupiga soga na wateja huku akiwatazama mikono. Usiku wanalala barazani mbele ya duka. Somo moja Khalil halichoki: yule tajiri mwenye duka, aliyemleta mtoto kutoka bara, si ndugu yake, na asithubutu kumwita kwa jina la undugu. Amwite Seyyid. Mtoto anasahau, anasahihishwa. Anasahau tena, anasahihishwa kwa ukali zaidi.

Mtoto huyo ni Yusuf, na riwaya ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994. Wasomaji wa Kiswahili sasa wanaijua kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Yusuf amezoea kumwona Aziz, tajiri huyo, akifika kwao, akikaribishwa kwa vyakula visivyopikwa kila siku, na akiondoka akimwachia sarafu kiganjani. Kwake Aziz ni mtu wa nyumbani. Hajui kwamba baba yake amemweka rehani kwa deni. Khalil anajua, maana yeye mwenyewe ni rehani, yeye na dada yake Amina.

Ukimsoma Khalil harakaharaka utamwona mtumishi anayempigania bwana wake heshima. Msome tena. Anachomnyima mtoto ni faraja ya uongo. Jina la undugu linalifunika deni. Seyyid linalifunua, na mtoto aliyewekwa rehani ana haki ya kujua kwamba yumo katika biashara. Ni huruma yenye makali, lakini ni huruma. Na bado Gurnah hamwachi Khalil atoke mshindi. Mbele ya safari tunajua kwamba deni la baba yake lilifutika Aziz alipomwoa Amina, na kwamba kijana angeweza kwenda zake. Hakwenda. Neno alilolishika ili asidanganyike limemzoea, naye kalizoea.

Wanafalsafa tangu enzi za Plato wamebishana kama jina linatokana na asili ya kitu au na makubaliano ya watu; Plato mwenyewe aliandika mjadala mzima juu ya jambo hilo, akaupa jina la Kratilo. Watunzi wa hadithi hawakungoja ubishi huo uishe. Wao wamemchukua mtu mmoja, wakamtia neno moja kinywani, wakamkataza kuliachia, kisha wakatazama kitakachotokea. Na kinachotokea, katika kazi zilizo bora, ni kwamba panakuwa na gharama. Mtu fulani anaumia kwa sababu mwingine, au yeye mwenyewe, ameng'ang'ania neno. Hapo swali la haki linaacha kuwa la usahihi wa neno. Linakuwa la nani anayelilipia.

Mfano mkali kuliko yote umo katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi na kuchapishwa mwaka 1969. Shakespeare aliitunga mwishoni mwa miaka ya 1590. Shylock, Myahudi mkopeshaji, anamkopesha Antonio dukati 3,000 kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama karibu na moyo. Muda unafika, meli za Antonio zinasemekana kuzama, na kesi inaletwa mbele ya mtawala wa mji. Bassanio, rafiki aliyenufaika na mkopo, anatoa mara mbili ya deni. Shylock hataki fedha. Anataka kilichoandikwa.

Tamthilia inatuonyesha mambo hayo kwa karibu mno. Shylock anakinoa kisu kwenye soli ya kiatu chake, mbele ya baraza zima. Mizani amekuja nayo. Portia, aliyejificha ndani ya joho la mwanasheria kijana, anamwomba jambo dogo: amlipe tabibu akae pembeni aizuie damu, Antonio asije akafa. Shylock anauliza kama hilo limo katika hati. Anatazama, halimo. Basi halimhusu.

Kwa jibu hilo amejifunga mwenyewe. Ikiwa tabibu hayumo katika hati, na damu nayo haimo. Portia anamruhusu akate nyama, lakini tone moja likidondoka, au kipande kikizidi au kupungua uzito wa unywele, atauawa na mali yake itachukuliwa. Mtu aliyeishi kwa herufi anaangushwa kwa herufi, na watazamaji wa karne nne wamepiga makofi.

Makofi hayo yanastahili kutiliwa shaka. Shylock hakuanza ugomvi huu kwa kupenda karatasi. Alitemewa mate, akaitwa mbwa, na ndani ya mahakama ileile wengi humwita Myahudi kuliko wanavyomwita kwa jina lake. Portia anapoingia anamuuliza kama anaitwa Shylock. Anajibu kwamba ndilo jina lake. Muda si muda naye anaendelea kumwita Myahudi kama wenzake. Mtu ambaye jina lake halikai midomoni mwa watu amegundua kitu kimoja tu kinachowabana wote sawasawa, nacho ni maandishi yenye muhuri. Antonio mwenyewe anakiri kwamba mtawala hawezi kuivunja sheria, kwa kuwa biashara ya Venisi inategemea wageni waiamini. Waswahili husema ahadi ni deni, na kwa kipimo hicho Shylock hakukosea: Antonio alitia sahihi kwa hiari, tena kwa majivuno.

Kosa lake liko kwingine. Kila neno analolishikilia pale mahakamani linatakiwa lilipwe kwa mwili wa mtu mwingine. Yeye hatoi kitu. Na waliomshinda wanalirudia kosa hilohilo bila kusita: wanampokonya nusu ya mali, kisha Antonio anaongeza sharti kwamba abatizwe. Waliomlaumu kwa kushupalia maneno wanamlazimisha kukiri imani ambayo hakuichagua. Katika chumba kizima kile hakuna aliyeshikilia neno kwa gharama yake mwenyewe, na pengine ndiyo maana mtu hutoka katika tamthilia hiyo akiwa na uchungu, hata kama inaitwa ya kuchekesha.

Cervantes aliligusa swali hili kwa namna nyingine mwaka 1605. Don Quixote, kabla hajatoka nyumbani, anatumia siku nne kumtafutia farasi wake jina na siku nane nyingine kujitafutia la kwake. Msichana wa shamba aitwaye Aldonza Lorenzo anapewa jina la Dulcinea del Toboso bila yeye kuarifiwa. Muda mfupi baadaye Don Quixote anawazuia wafanyabiashara wa Toledo barabarani na kuwataka wakiri kwamba hakuna mwanamke mzuri duniani kuliko Dulcinea. Wanaomba angalau picha yake. Anawajibu kwamba wakishamwona kukiri kwao hakutakuwa na maana. Thamani iko katika kushuhudia bila kuona. Kila mwenye dini aliyewahi kutakiwa atoe shahada ya jambo asiloliona ataitambua hoja hiyo, na ataona jinsi Cervantes alivyoiweka mikononi mwa mtu mwenye mkuki. Farasi anajikwaa, shujaa anaanguka, na mhudumu wa nyumbu anamtwanga kwa vipande vya mkuki wake mwenyewe.

Kipigo hicho ni chake, amekinunua. Lakini katika sura ileile yupo Andrés, mvulana wa miaka kama 15 aliyefungwa mtini akichapwa mkanda na tajiri wake, Haldudo, kwa kupoteza kondoo. Don Quixote anamwapisha Haldudo kwa sheria za uungwana kwamba atamlipa mvulana ujira wake, kisha anaondoka akiwa ameridhika. Neno la kiapo limesemwa. Kwake hilo linatosha. Haldudo anamfunga Andrés tena na kumchapa karibu kumuua. Sura nyingi baadaye mvulana anakutana na mwokozi wake na kumsihi, siku nyingine akimwona anakatwa vipande, asimsaidie. Katika kitabu kinachosifika kwa vichekesho, hapo hapachekeshi. Imani ya mtu mmoja katika nguvu ya neno imeandikwa mgongoni mwa mtoto.

Wapo pia wanaoshikilia jina juu ya mtu mwingine. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, aliichapisha Wide Sargasso Sea mwaka 1966 ili kumpa maisha yule mke mwendawazimu aliyefungiwa darini katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847. Kwa Rhys anaitwa Antoinette. Mumewe Mwingereza anaanza kumwita Bertha, kwa kisingizio kwamba analipenda jina hilo. Antoinette anamwambia kwamba kumwita kwa jina jingine ni kutaka kumgeuza awe mtu mwingine, na kwamba huo nao ni uchawi. Kwenye visiwa vile watu hawataji uchawi kwa mzaha. Rhys analipa kisasi kimyakimya: katika riwaya nzima, mume huyo hatajwi jina hata mara moja.

Na katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya kwanza ya Nyerere kutoka kwa Shakespeare, ya mwaka 1963, mshairi aitwaye Cinna anakamatwa mtaani na umati unaowasaka wauaji wa Kaizari. Mmoja wa wauaji anaitwa Cinna. Huyu anapiga kelele kwamba yeye ni mshairi, si yule mwingine. Umati unamjibu kwamba jina linatosha. Tukio hilo Shakespeare hakulizua. Plutarch aliandika kwamba kweli mtu aliuawa hivyo Roma mwaka 44 kabla ya Kristo. Linachukua dakika chache jukwaani, na halisahauliki.

Upande wa pili wa mizani wapo wanaolipa wenyewe. Roots ya Alex Haley ilitoka mwaka 1976, na Januari 1977 ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani usiku nane mfululizo. Kila mtu anakumbuka mijeledi. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya mijeledi palikuwa na mnong'ono. Siku ya nane baada ya kuzaliwa mwanawe huko Juffure, Gambia, Omoro anamnyanyua na kumtajia jina sikioni mara tatu kabla mwingine yeyote hajalisikia, kwa sababu Wamandinka wa riwaya hiyo wanaamini kwamba mtu anapaswa kuwa wa kwanza kujua yeye ni nani. Msomaji wa pwani aliyeshuhudia mtoto mchanga akiadhiniwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Kijana huyo huyo, sasa akiwa mtumwa Virginia, anafungwa mikono juu katika filamu ya televisheni na kuchapwa hadi akiri kwamba anaitwa Toby. Anaulizwa, anajibu Kunta Kinte. Mjeledi unashuka. Anaulizwa tena. Uso wa LeVar Burton katika tukio hilo umebaki katika kumbukumbu za vizazi, na watu hulisimulia kana kwamba Kunta hakukubali kamwe. Alikubali. Mwishoni, kwa sauti isiyosikika vizuri, anasema Toby. Mzee Fiddler anampakata na kumwambia kwamba hilo jina la wazungu si kitu, yeye atabaki Kunta.

Je, ameshindwa? Jibu la haraka ni ndiyo: ulimi umesema walichotaka. Lakini Haley alikuwa ameshaliweka jina mahali ambapo mjeledi haufiki, katika sikio la mtoto wa siku nane. Na kazi yote ya Kunta baada ya hapo ni ya kulipa: anamfundisha binti yake Kizzy maneno ya kwao, ko kwa chombo cha nyuzi, Kamby Bolongo kwa mto, na maneno hayo yanapita kutoka kizazi hadi kizazi. Watafiti wa nasaba walikuja kuipinga historia ya ukoo ambayo Haley aliijengea kitabu chake. Ubishi huo una uzito wake kwa wanahistoria. Swali la kimaadili halitikiswi nao: hapa yupo mtu aliyeshika neno na gharama yote ikamwangukia yeye, na hata alipolegeza ulimi, hakuna mtu mwingine aliyeumizwa na ushupavu wake.

Vitabu vitakatifu vinalijua jambo hili, tena vinalitazama kwa busara kuliko wanavyodhani wengi wanaovinukuu katika ugomvi. Kitabu cha Danieli kinaanza kwa vijana wanne wa Yuda kubadilishwa majina huko Babeli. Danieli anakuwa Belteshaza. Hanania, Mishaeli na Azaria wanakuwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Majina ya kwao yalimtaja Mungu wao. Mtu angetarajia hapo ndipo watakaposimama kidete. Hawakusimama hapo. Walikataa chakula cha mfalme; baadaye wale watatu walikataa kusujudia sanamu hata kwa tishio la tanuri, na Danieli akakataa kuacha sala hata kwa tishio la simba. Kubadilishwa jina hawakukupigania, na kitabu hakiwalaumu. Anayeshikilia jina ni mwandishi: kwake Danieli anaendelea kuwa Danieli.

Habari ya Hudaibiya inakwenda mbali zaidi. Mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628 Miladia, Waislamu na Makureshi walikutana kuandika mkataba wa amani. Ali bin Abi Talib ndiye aliyekuwa akiandika. Mjumbe wa Makka, Suhail bin Amr, alipinga maneno ya ufunguzi yaliyomtaja Mwenyezi Mungu kwa jina la Rahmani, akataka yaandikwe kama ilivyokuwa desturi yao. Kisha akapinga Muhammad kuandikwa kuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu: kama wangeliamini hilo, alisema, wasingempiga vita. Ni hoja ya haki kwa upande wake, kwa kuwa hawezi kutia sahihi chini ya maneno asiyoyaamini. Mtume akaamuru yafutwe. Ali hakuweza kuyafuta. Mkono wake ulikataa kwa mapenzi. Basi Mtume akaomba aonyeshwe mahali yalipoandikwa, akayafuta mwenyewe, na pakaandikwa Muhammad bin Abdallah.

Kuna watu watatu katika tukio hilo na kila mmoja anaheshimika. Suhail ameshikilia neno kwa ukweli wa imani yake ya wakati ule, Ali kwa upendo. Mwenye jina, ambaye ndiye aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kulishikilia, ndiye aliyeliachia. Masahaba wengi walihuzunika siku hiyo. Lakini maneno yale yangeng'ang'aniwa, mkataba usingeandikwa, na waliokuja kwa nia ya umra bila silaha za vita ndio ambao wangelipa. Mtume alichagua kulipa yeye, kwa cheo chake kutoandikwa. Ukilitazama hivyo, kuachia neno nako ni namna ya kulilipia.

John Proctor katika The Crucible ya Arthur Miller anafika karibu kabisa na ukingo wa hoja hii. Tamthilia ilionyeshwa mara ya kwanza New York, Januari 1953, na inahusu kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692, ambazo zilipeleka watu 19 kwenye kitanzi. Proctor, mkulima mwenye dhambi yake ya uzinzi, anaambiwa akikiri uchawi ataishi. Anakiri kwa mdomo. Wanamtaka ataje wengine aliowaona na shetani. Anakataa, anasema atazitaja dhambi zake tu. Anatia sahihi. Kisha anapojua kwamba karatasi itabandikwa kwenye mlango wa kanisa, anaing'ang'ania. Wameshayasikia maungamo, kwa nini watake na jina? Roho amewapa, jina wamwachie, kwa kuwa hana jingine na hatapata jingine. Anaichana karatasi, anapelekwa kunyongwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, Miller mwenyewe aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alieleza mambo yake, akakataa kutaja majina ya wenzake. Alitiwa hatiani kwa kuidharau kamati mwaka 1957, na mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Ni nadra mtunzi kuulizwa swali la mhusika wake na kutakiwa alijibu kwa kiapo.

Hata hivyo, Proctor halipi peke yake. Ana watoto. Mkewe Elizabeth ni mjamzito, na ndiyo sababu yeye hajanyongwa. Mchungaji Hale anamsihi mwanamke huyo akimbie akamwombe mumewe abadili uamuzi. Elizabeth hakimbii. Anaona kwamba mumewe ameupata wema wake, na hataki kumnyang'anya. Hiyo ni sehemu ya tamthilia inayosomwa kwa pupa, watu wakiwahi kumtazama shujaa akielekea kwenye kitanzi, ilhali bila kibali cha Elizabeth ushujaa wa Proctor ungekuwa na doa kubwa. Jina analolinunua mumewe, nusu ya gharama inabaki nyumbani kwake kwa miaka yote iliyobaki. Aliulizwa, na akakubali.

Si wote wanaoulizwa, na hapo ndipo Kinjeketile anapoingia na kuivuruga hesabu yote. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliichapisha tamthilia hiyo mwaka 1969. Katika historia, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 4, 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Hussein alimchukua mtu huyo akamwacha jukwaani aishi zaidi, hadi vita vimeshashindwa, ili aweze kuulizwa swali ambalo wa kihistoria hakupata muda wa kuulizwa.

Kinjeketile wa tamthilia anavutwa mtoni, anatoka siku ya pili, na akiwa amepagawa na pepo aitwaye Hongo anawaambia watu kwamba wao ni wamoja na kwamba maji yatawakinga na risasi. Watu waliochoshwa na mashamba ya pamba ya serikali na viboko vya askari wanalidaka neno. Lakini katika kauli ileile lilikuwamo jambo jingine: kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akiisha kurudiwa na akili zake Kinjeketile anashtuka. Wamfukuze Mjerumani ili watawaliwe na Sultani wa Unguja? Anaanza kujiuliza neno lile lilitoka wapi, kwa nani, kupitia kinywa chake. Anawaomba wasubiri. Hawasubiri. Neno limekwishakua kuliko aliyelisema, na Kitunda, jemadari wao, hana tena la kuwazuia. Huko Mahenge wanakwenda mbele ya bunduki za rashasha.

Kwa hiyo anapokuwa gerezani na Kitunda, Kinjeketile yuko katika hali ambayo Proctor hakuifikia. Afisa wa Kijerumani anamtaka aseme jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Na yeye, peke yake kati ya wote, anajua kwamba hana hakika nayo. Proctor alitakiwa aseme uongo ili aishi. Kinjeketile anatakiwa aseme kitu ambacho huenda ni kweli. Anakataa. Sababu anayoitoa ni ya kisiasa na ya kidini kwa pamoja: akisema maji yalikuwa uongo, kesho afisa atawaambia watoto kwamba kupigania nchi nako kulikuwa uongo, na atakuwa amesaidiwa na yeye mwenyewe. Neno limezaliwa, na wajukuu watalisikia.

Ukitumia kipimo cha nani analipa, Kinjeketile anaponea upande mmoja na kuhukumiwa upande wa pili. Kwa kukataa kwake gerezani analipa yeye, kwa mwili wake. Kwa neno lenyewe walikwishalipa wengine: makadirio ya waliokufa katika vita vile na njaa iliyofuata huanzia 75,000 na kufika hadi 300,000. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba damu hiyo ni ya Wajerumani waliochoma mashamba na maghala, si ya maji. Bado Kinjeketile hakuwauliza watu wake kama alivyoulizwa Elizabeth. Kwa upande mwingine, watu hawakungoja kuulizwa. Wao ndio waliomnyang'anya neno mkononi na kukimbia nalo alipowaambia wasimame. Ushupavu huu ni wa nani? Wa mtu aliyelisema akiwa amepagawa, au wa maelfu waliolirudia wakiwa na akili zao timamu?

Hussein hajibu, na amefanya vyema. Lakini amempa Kinjeketile mwenza katika chumba kile, na huyo ndiye anayestahili kusikilizwa zaidi ya anavyosikilizwa. Kitunda aliwapeleka vijana vitani. Ameona walivyoanguka. Anapozungumza na rafiki yake juu ya uongo na ukweli wa maji, hazungumzi kama mwoga anayetafuta kujiokoa. Anazungumza kama mtu anayewajua waliokufa kwa majina yao, mmoja mmoja, na anayetaka kujua ni nini hasa alichokuwa amewaambia siku alipowaamuru waende.